Mama Pini na njia ya mkato ya kufika kwenye pini

Saa tatu asubuhi, Mama Pini amefumba macho kazini, na hakuna anayemshangaa.

Amekaa kwenye stuli, viganja vyote viwili vimelala juu ya ubao mweusi wenye ukubwa wa sinia la chai. Chini ya vidole vyake pini fupi za plastiki zinapanda na kushuka kwa mamia, na sauti yake ni kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Anasikiliza kwanza, halafu anapapasa. Kisha anafumbua macho, anacheka peke yake na kuigeukia kompyuta iliyo pembeni.

"Huyu sasa ni bata," anasema. "Jana alikuwa kiatu. Tumepiga hatua."

Pini hizo zikipanda kwa mpangilio hufanya picha ya kuguswa. Kwa mtu asiyeona, ubao huo ndio karatasi, ndio ukuta wa darasa, ndio kioo cha simu. Unaweza kuandika maneno kwa nukta nundu, lakini karakana anakofanya kazi Mama Pini iliutengeneza hasa kwa ajili ya vitu ambavyo maneno hushindwa kuvieleza: ramani, pembetatu za hesabu, umbo la moyo wa binadamu, na zaidi ya yote, picha zinazosogea.

Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kinachotoka kwenye programu ya kompyuta kinafika kwenye pini haraka na kwa usalama. Neno hilo la mwisho hulitamka polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyotoka kudekiwa. Ana sababu yake.

Karakana yenyewe iko ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Ina meza tatu, feni moja yenye kelele na dirisha ambalo halijawahi kufunga sawasawa tangu wahamie. Wafanyakazi wake hawazidi vidole vya mikono miwili, na kila mmoja ana jina la utani. Mama Pini alipewa lake wiki ya kwanza, baada ya kumwaga sanduku zima la pini sakafuni na kuwakataza watu kutembea mpaka aokote ya mwisho.

"Jina langu la kweli wanalijua benki na mama mkwe," anasema.

Hakuzaliwa katikati ya kompyuta. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule, na yeye alikua akikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, akikusanya vipande. Alipomaliza shule aliajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, kitengo cha mashine za kudarizi. Mashine hizo ziliongozwa na kompyuta ndogo zilizofungwa ubavuni, na kompyuta moja ikigoma, mstari mzima wa mafundi ulikaa bure ukimsubiri mtaalamu atoke mbali.

Mama Pini alichoka kusubiri. Alianza kwa kufungua vifuniko na kutazama. Akajiandikisha masomo ya jioni, akajifunza kuandika programu, na baada ya muda mashine zilipogoma watu walikuwa wakiita jina lake kabla ya kupiga simu kokote. Kisha kiwanda kikafungwa, na fundi mwenye ujuzi wa sindano na wa programu akajikuta nyumbani, akimsaidia mume wake kupanga mikate.

Mume wake ni mwokaji. Ndiye aliyempatia kazi aliyo nayo sasa, ingawa yeye husema ni mkate uliompatia. Mteja mmoja wa kila asubuhi, mama mmoja mwenye haraka, alisimama dukani akilalamika kwa sauti kwamba amezunguka kutafuta mtu asiyeogopa vitu vidogo vyenye ncha wala programu zinazoongea na mashine, na hampati. Mwokaji akamfungia mkate wake na kumwambia kuwa mke wake haogopi hata kimoja, isipokuwa mende.

Mteja huyo ndiye mkuu wa karakana.

"Mwanzoni nilikuwa sielewi habari zake akirudi," anasimulia mwokaji, akicheka. "Ananiambia leo tumeanguka mara tano. Natazama magoti, hayana kitu. Kumbe ni programu ndiyo iliyoanguka."

Mtu wa kwanza Mama Pini kuonyeshwa alipofika kazini alikuwa Mjomba. Hivyo ndivyo anavyoitwa na kila mtu pale, wakiwamo waliomzidi umri. Mjomba haoni tangu alipokuwa mtoto mdogo. Alifanya kazi ya opereta wa simu mpaka simu za kuunganishwa kwa mkono zikaisha, na anasoma nukta nundu kwa kasi ya mtu anayezungumza. Karakana ilimwajiri kuwa mpimaji: anawekewa ubao mbele yake, anagusa, anasema ukweli.

"Mimi hapa nalipwa kulalamika," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nyumbani nafanya kazi hiyohiyo bure."

Na siku zile alikuwa na mengi ya kulalamikia. Ubao ulionyesha vizuri picha iliyotulia, lakini ukitaka picha isogee ulichelewa. Mjomba akisogeza ramani ili afuate barabara, barabara ilimfikia kipandekipande, mstari baada ya mstari, yeye akiwa ameshasahau alikuwa akienda wapi. Alisema ni kama kuongea na mtu anayejibu salamu ya jana.

Jambo hilo halikuwa dogo. Shule moja ya watoto wasioona ilikuwa imekubali kuujaribu ubao, na ikiridhika ingeuchukua kwa madarasa yake yote. Mwalimu wa sayansi wa shule hiyo alikuwa na ombi moja tu. Alitaka wanafunzi wake waguse moyo unaodunda. Aliwaeleza kuwa amefundisha mapigo ya moyo kwa miaka mingi kwa kutumia mpira wa kuminya, na amechoka kuwaambia watoto kwamba moyo unafanana na mpira.

Karakana ikaandaa picha ya moyo. Mjomba akaweka vidole, akasubiri mpaka misuli yote ipande na kushuka, kisha akasema mwenye moyo huu akimbizwe hospitali.

Mama Pini alijua tatizo liko wapi. Ndani ya kompyuta, programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa kifaa. Programu ina eneo lake la kumbukumbu na anwani zake, na kifaa kama ubao wa pini kina kumbukumbu yake mbali huko, ambamo kila pini ina nafasi yake: namba ikiandikwa pale, pini inapanda au inashuka. Katikati yao unasimama mfumo endeshi. Ndio unaopokea kila ombi la programu, unalikagua, unalinakili na kulipeleka.

"Hakuna aliyekuwa anakosea," anasema. "Ilikuwa ni foleni tu. Pini moja ikitaka kupanda, ombi linapita kwa mkubwa. Pini ya pili, vilevile. Sasa fikiria pini zote hizo, na moyo haukusubiri."

Kuna njia ya mkato, inayofahamika kwa wanaoandika programu za mifumo, ambayo Mama Pini aliwahi kuisoma bila kuitumia. Programu inauomba mfumo mara moja tu uionyeshe kumbukumbu ya kifaa ndani ya anwani zake yenyewe. Mfumo ukikubali, unaunganisha. Kuanzia hapo programu ikiandika namba kwenye eneo lile, inadhani inaandika kwenye kumbukumbu yake kama siku zote, kumbe namba inatua moja kwa moja kwenye kifaa. Hakuna kunakili, hakuna foleni.

Alipoulizwa namna anavyowaeleza watu wa nyumbani, alionyesha koki iliyo kwenye kona ya karakana. Zamani, alisema, ukitaka kuosha kikombe ulimtuma mtu kisimani, na kikombe cha pili ukamtuma tena. Siku fundi anapokuvutia bomba mpaka jikoni, maji ni yaleyale na kisima ni kilekile, ila sasa unafungua tu.

Kuvuta bomba hilo kulimchukua wiki kadhaa za kukuna kichwa. Mara ya kwanza alipoendesha programu yake mpya, pini hazikutikisika. Alipokwisha kukata tamaa na kwenda kuchemsha chai, zikapanda zote kwa pamoja kwa kishindo, na Mjomba akaruka kutoka kwenye kiti.

Aliyemsaidia ni fundi wa saketi wa karakana, kijana mpole anayeitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa kulehemu unaomfuata kila alipo. Moshi aliweka kipimo chake kwenye nyaya za ubao, wakaendesha programu tena, akatazama na kutikisa kichwa.

"Pini zako hazijakataa," alimwambia. "Hazijaambiwa."

Alikuwa sahihi. Kompyuta, kwa nia njema kabisa, ilikuwa ikizishika namba za Mama Pini kwenye hifadhi yake ya karibu, ile inayotumia kuharakisha mambo, ikingoja ziwe nyingi ndipo izitoe. Kwa kumbukumbu ya kawaida hiyo ni faida. Kwa kifaa ni balaa. Ikabidi auambie mfumo kwamba namba za eneo lile zisihifadhiwe kokote, kila kinachoandikwa kitoke papo hapo.

Alipofanya hivyo, moyo ukadunda.

Mjomba aliushika kwa viganja vyote viwili. Hata feni ilitulia, anadai Mama Pini, ingawa wenzake wanasema umeme ulipungua tu. Baada ya kitambo Mjomba akaomba wapunguze mwendo kidogo, maana huyu sasa ameponyoka hospitali na anakimbia. Mkuu wa karakana akatuma soda kwa wote, na Mama Pini akarudi nyumbani akimwonyesha mume wake kwa vidole kwenye meza ya unga jinsi misuli ya juu inavyotangulia na ya chini kufuata.

Furaha hiyo haikudumu.

Asubuhi moja, shule ikiwa inasubiriwa wiki ileile, Mjomba alikuwa akipitia picha walizoandaa. Moja ilikuwa ya mti mzima, kuanzia matawi hadi mizizi, ndefu kuliko ubao, kwa hiyo ilibidi aisogeze. Aliyapita matawi, akalipita shina. Alipofika kwenye mizizi, mwisho kabisa wa picha, pini zilikakamaa chini ya mkono wake. Kisha zikawa moto.

Ilikuwa ghafla mno. Mjomba alivuta mkono, Moshi akang'oa plagi ukutani, Mama Pini akamshika Mjomba bega na kumpeleka kwenye koki. Ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia ilikuwa imeshaanza kuvimba lengelenge.

Ndicho kidole anachosomea.

Mama Pini anaposimulia sehemu hii huacha kutazama watu. Anasema Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtuliza, akimwambia kuwa amewahi kuungua vibaya zaidi kwa uji. Yeye hakusikia. Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za duka la magodoro.

"Mtu mwingine akiungua kidole, anakifunga na kuendelea kusoma gazeti lake," anasema. "Mjomba nilikuwa nimemzimia taa."

Chanzo kilijulikana siku hiyohiyo. Kila picha iliposogezwa, programu ilipaswa kupeleka mistari inayotosha ubao tu; ilipofika mwisho wa mti ikakosea hesabu kwa mstari mmoja, na mstari huo ikauandika nje ya eneo la pini. Kwa njia ya zamani mfumo ungekagua ombi na kulikataa. Kwa njia ya mkato hapakuwa na wa kukagua. Na mara tu baada ya nafasi za pini, kwenye kumbukumbu ya ubao, palikuwa na nafasi inayoamua nguvu ya umeme unaokwenda kwenye koili za kuinulia pini.

Hapo ndipo Mama Pini alipojifunza kwa uchungu jambo alilokuwa amelisoma kwa haraka. Mfumo hauifungui kumbukumbu vipandevipande upendavyo. Unaifungua kwa vipimo vikubwa visivyogawanyika, ambavyo mafundi huviita kurasa. Pini na nguvu ya umeme vilikaa kwenye ukurasa mmoja. Alipoifungulia programu pini, aliifungulia na umeme. Namba iliyokusudiwa kuwa mzizi wa mti ikawa amri ya kupandisha umeme hadi mwisho.

Moshi naye hakujificha. Alisema saketi aliyoichora ilipaswa kuwa na kifaa cha kukata umeme joto linapozidi, na yeye alikiacha ili kuokoa nafasi.

Mkuu wa karakana hakumfokea mtu. Aliipigia shule simu na kuomba waahirishe, akaeleza sababu bila kuipunguza. Kisha akawakusanya wafanyakazi na kutoa uamuzi: ubao urudi kwenye njia ya zamani. Alisema ubao wa polepole unaudhi, lakini haujawahi kumuunguza mtu, na yeye hawezi kuupeleka kwa watoto wanaosoma kwa vidole.

Mama Pini alikubaliana naye. Alikubaliana kupita kiasi. Jioni hiyo alimwambia mume wake kwamba anaacha kazi, anarudi kwenye cherehani, ambako ukikosea unafumua.

Mwokaji hakubishana. Alimwambia tu kwamba kesho yake atampa mkate wa moto ampelekee mgonjwa, na baada ya hapo akitaka kuacha, aache.

Nyumbani kwa Mjomba alipokelewa kwa kicheko. Mjomba alikuwa ameketi sebuleni, kidole kimefungwa kitambaa cheupe kama mwanasesere, na mke wake kando akimsomea gazeti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, nisaidie. Huyu ananisomea, lakini anaruka mpira."

Mke wake alisema mpira hauna habari, kila siku ni watu walewale wanakimbia. Akaupokea mkate, akaenda kuukata, akawaacha wawili peke yao.

Mama Pini alimwomba radhi. Alimweleza chanzo chote, bila kujitetea, na uamuzi wa mkuu, na uamuzi wake mwenyewe. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama ni kweli wanaurudisha ubao kwenye mwendo wa zamani. Akajibiwa kuwa ni kweli.

"Basi kidole changu kimeungua bure," alisema. "Mwanangu, mimi ule moyo nimeugusa. Nimeishi na moyo wangu miaka yote hii, sikujua kwamba sehemu ya juu ndiyo inayoanza. Usije ukaniambia haiwezekani. Niambie bado hujamaliza."

Mama Pini anasema alikula vipande vitatu vya mkate aliopeleka mwenyewe, akaaga, akaenda moja kwa moja karakana.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuisahihisha programu ijikague yenyewe isiandike nje ya mipaka. Aliliacha baada ya kulizungumza na mkuu, aliyekubali kuwapa nafasi moja zaidi. Programu ya leo wameiandika wao, lakini kesho mwalimu atataka kutumia ya mtu mwingine, na huyo mtu atakosea, kama yeye alivyokosea. Usalama usiotegemea umakini wa mtu ulikuwa mmoja tu: amri ya umeme isikae kwenye ukurasa mmoja na pini.

Hiyo haikuwa kazi ya kuandika programu. Ilikuwa kazi ya kuuchora upya ubongo wa ubao, na mchoraji alikuwa Moshi. Walikaa meza moja, yeye akieleza upande wa kompyuta na Moshi upande wa shaba na risasi ya kulehemu, wakipishana na kusuluhishwa na mkuu. Pini walizipa ukurasa wao, na nafasi iliyobaki kwenye ukurasa huo wakaiacha tupu, kiasi kwamba namba ikipotea pale haifanyi lolote. Amri za umeme wakazihamishia ukurasa wa mbali ambao hakuna programu ya kawaida itakayoonyeshwa kamwe. Atakayetaka kuubadilisha umeme aombe kwa mfumo, akaguliwe, asubiri.

"Pini zipite bombani, umeme upange foleni," ndivyo Mama Pini anavyofupisha. Na safari hii Moshi aliweka kifaa cha kukata umeme, akaweka na cha pili kwa hasira.

Ubao mpya ulipokamilika, mkuu alimpa Mama Pini kazi ambayo hakuwahi kupewa: auharibu. Akaandika programu mbovu kwa makusudi, moja mbaya kuliko nyingine, zenye kuandika nje ya mipaka kila upande. Zilizokosea ndani ya ukurasa zilipotelea kwenye nafasi tupu. Zilizodiriki kuvuka ukurasa zilisimamishwa na mfumo palepale, programu ikafa na pini zikashuka kwa upole.

"Sijawahi kufurahia msiba kiasi kile," anasema. "Zilikuwa zinakufa mbele yangu, nami nashangilia."

Muda wote huo mikono iliyokaa juu ya ubao ilikuwa yake. Alimkataza mtu mwingine yeyote kuugusa mpaka yeye mwenyewe auamini, na kwa kuwa alitaka kujua Mjomba anachokijua, alizoea kufumba macho. Alianza akiwa hawezi kutofautisha samaki na kijiko. Sasa anatofautisha, ingawa Mjomba husema anagusa kwa woga kama mtu anayepapasa kitanda cha mgeni.

Kidole cha Mjomba kilipona. Kwa muda ngozi mpya ilikuwa nzito, ikambidi asome kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila aliyeingia karakana alisikia malalamiko hayo. Lakini siku ya kupima ubao mpya mkuu alipopendekeza atafutwe mpimaji mwingine, Mjomba alikuwa ameshakaa kwenye kiti.

Aliitisha picha ya mti. Akayapita matawi, akalipita shina, akafika kwenye mizizi. Moshi alikuwa ameshika waya wa plagi mkononi. Mama Pini anakiri kwamba hakuweza kutazama.

Mjomba akasukuma picha chini. Akasukuma tena, na tena, kwa ukaidi, pale ambapo hapakuwa na picha.

"Mti umeisha," alisema. "Nileteeni moyo."

Shule ilikuja wiki chache baadaye, au tuseme karakana ndiyo iliyokwenda shule. Mwalimu wa sayansi aliwapanga wanafunzi wake, wakaja kwa zamu mezani. Msichana mmoja aliweka kiganja cha kushoto kwenye ubao, na bila kuambiwa akaweka cha kulia kifuani kwake. Akakaa hivyo, kichwa kimeinama upande, halafu akasema huu unakwenda taratibu kuliko wangu. Mwalimu akamjibu kuwa yeye amekuja mbio. Msichana akaomba akae mpaka mioyo yote miwili ilingane.

Walimwacha akae. Waliokuwa nyuma yake walinung'unika, lakini na wao ilipofika zamu yao hawakutaka kuondoka.

Shule ilizichukua mbao. Tangu hapo karakana imeongeza mafundi, na chumba cha pili kimekodiwa ng'ambo ya korido. Mambo hayajawa mteremko. Vumbi hukwamisha pini, vipuri huchelewa, na umeme hukatika Mama Pini anapokaribia kumaliza. Mshahara wake, anasema, unatosha kodi na ada za watoto, na kinachobaki anakijua mwokaji. Lakini haoni haya tena kuitwa fundi wa programu, na vijana wanaoingia kazini huanzia kwake. Somo lake la kwanza kwao ni ukurasa uliomuunguza Mjomba. Mjomba hualikwa kutoa ushahidi, na kila akitoa, lengelenge linazidi kuwa kubwa.

Sasa Mama Pini ana jambo jipya kichwani. Mpaka leo ubao unazungumza, lakini hausikii. Anataka pini zitambue zinapobonyezwa, na alama ya kubonyezwa iandikwe kwenye kumbukumbu ileile ambayo programu imeshafunguliwa, ili mtu asiyeona achore kwa kidole na mchoro usimame hapohapo. Na kwa kuwa kumbukumbu moja inaweza kuonyeshwa kwa programu mbili kwa wakati mmoja, anataka programu ya pili iuchukue mchoro huo na kuupeleka mbali: kwenye ubao wa mwalimu upande wa pili wa darasa, au kwenye kioo cha kompyuta ya mtu anayeona.

Moshi ameshaanza kuchora saketi. Mkuu amesema waende taratibu.

Wa kwanza kuomba zamu ni Mjomba. Anataka kuichora sura ya mke wake. Anasema anaijua vizuri sana, ameishika miaka mingi, ila hajawahi kupata njia ya kumwonyesha mwenyewe jinsi anavyomwona.

Mke wake alipofikishiwa habari hizo alikuwa akimsomea gazeti. Alilikunja, akaliweka pembeni.

"Mwambieni Mama Pini awahi," alisema. "Na huyu aangalie, asinikosee pua."